Baiskeli Kumi Ukutani

Kazi yangu katika msafara ni kukaa mkiani. Mimi ni fundi baiskeli, wateja wananiita Spana, na kwenye ziara fundi ndiye anayeendesha wa mwisho. Nabeba pampu, viraka na mnyororo wa akiba, na mgongoni nafunga kitambaa chekundu ili kila mtu ajue mwisho wetu uko wapi. Sheria yangu ni moja tu: simpiti mtu.

Ziara hii ilikuwa ya siku sita kando ya bahari. Tulikuwa waendeshaji kumi, nami nikiwemo, na mmoja wao alikuwa kaka yangu. Pikapu ilitutangulia na mabegi, maji na baiskeli moja ya akiba.

Sikutaka aje. Miezi mitano nyuma alilazwa kwa ajili ya moyo, akatoka na mfuko wa dawa na masharti ambayo hakuyafuata hata wiki moja. Alipotangaza kwamba anakwenda ziara, mkewe alimsema mpaka akachoka, kisha akanifuata kibandani kwangu.

"Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji," aliniambia. "Mimi nimeshindwa. Wewe uko nyuma yao wote, basi usimwache peke yake."

Nikamwahidi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwetu mkuu ni yeye, na guu la kuvunjika siku zote limekuwa langu.

Asubuhi ya kwanza tuligombana hata kabla ya kuondoka. Alikuwa amenunua baiskeli mpya, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi, na hakutaka niiguse hata kuikaza breki. Nikamwomba aendeshe nyuma pamoja nami, mwendo wa polepole. Akanijibu mbele za watu kwamba hakuja kutembezwa kama mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ndiye. Watu wakainamisha macho, kila mmoja akawa na gidamu ya kiatu ya kufunga. Kaka akapanda, akaondoka na wa kwanza. Nilikasirika, sitaficha. Nilisema moyoni, acha akione cha mtema kuni.

Kabla ya hapo kiongozi wetu alikuwa amerudia utaratibu. Anayetaka kujisaidia njiani ailaze baiskeli kando ya barabara, mimi nikiiona nasimama, namngoja. Wote waliitikia, na kaka aliitikia.

Barabara ilikuwa na mchanga juu ya lami, na upepo wa baharini ulitupiga usoni. Kilomita ya ishirini tairi la mwenzetu mmoja aliye nesi lilipasuka, nikasimama kuliziba. Tulipoendelea, mbele yetu palikuwa na mwendo mrefu ulionyooka, vichaka vya miiba kila upande, nami nikatafuta shati la njano la kaka, nisilione. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilidhani hasira zimemsukuma mbali, na kwa saa nzima nitapumzika kutokana na maneno yake.

Mchana tulifika kwenye mgahawa uliokuwa na ukuta mrefu. Sisi hatuhesabu watu, tunahesabu baiskeli, kwa sababu watu hutawanyika: huyu chooni, yule ufukweni, mwingine anatafuta mtandao wa simu. Baiskeli hazitembei zenyewe. Kiongozi akahesabu kumi ukutani. Nami nikahesabu kumi. Tukaagiza chakula.

Sikumtafuta kaka. Nilikaa nimeupa mlango mgongo, nikitaka aje yeye kwanza, aseme neno. Nesi aliniuliza kama ndugu yangu anaendelea vizuri. Nikamwambia kanuna, atakuja njaa ikimzidi. Akacheka kidogo, nami nikaongeza chakula.

Nilipotoka kukagua matairi nikaona baiskeli moja haina hata chembe ya mchanga. Ilikuwa ya akiba. Dereva wa pikapu alikuwa ameishusha ili afikie dumu la maji, akaiegemeza pamoja na nyingine kwa wema wake tu. Nikakimbia kumwambia kiongozi kwamba tumefika tisa. Tukampigia kaka, simu yake ikalia kwenye begi lake, humo humo garini.

Tulirudi na pikapu, dereva, nesi na mimi. Kilomita kumi na moja nyuma nikaona alama ya matairi ikiacha lami na kuingia vichakani. Hakuwa ameilaza baiskeli barabarani. Aliogopa itaibiwa, akaenda nayo, akaifunga na kufuli kwenye shina la mti. Yeye alikuwa amelala kifudifudi hatua chache kutoka hapo, uso ukielekea barabarani, viwiko vimechubuka kwa kutambaa. Kama aliniita nilipopita, upepo uliichukua sauti yake.

Nesi alimgeuza, akambonyeza kifua kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Kisha akaacha.

"Bado ana joto," alisema. "Haijapita hata nusu saa tangu akate roho."

Hakusema ili kuniumiza, ndiyo kazi yake. Lakini mezani tulikuwa tumekaa karibu saa nzima.

Dereva alinishika bega. Akanishauri nimwambie mkewe kwamba marehemu alikata roho mikononi mwa watu, kwamba walimpepea na kumpa maji, kwa kuwa ukweli mwingine haumsaidii mfiwa. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno hayo.

Shemeji alipokea simu kabla haijalia mara mbili. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Alikuwa na nani?" aliniuliza.

Dereva alikuwa akinitazama, akitikisa kichwa taratibu.

"Hakuwa na mtu, shemeji," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nakula."