Vitone kwenye Uso wa Lida

Bibi yule alifika bila simu wala barua. Lyle Kucera alikuwa gerejini, ameinamia meza yake ya kazi, bastola ya marehemu babu yake imefunguliwa vipande vipande juu ya taulo, aliposikia mtu akikohoa mlangoni. Alipogeuka alimwona mwanamke mzee, mwembamba kama ufito, amevaa koti la kanisani na kushika sahani ya kolachi, vimkate vya Kicheki vilivyojazwa jemu.

"Wewe ndiye mjukuu wa Emil," alisema bibi. "Masikio hayo hayafichiki."

"Ndiye mimi, bibi. Karibu. Samahani kwa uchafu."

"Naitwa Albina Sedlak. Dada yangu Lida alikuwa mchumba wa babu yako, kabla ya vita, kabla ya bibi yako. Juzi tu ndipo niliposikia kwamba Emil alifariki. Nimekuja kumwona dada yangu."

Lyle alilikunja taulo haraka, akavifunika vile vipande.

Maana alielewa. Enzi za Vita Kuu ya Pili askari walikuwa na desturi yao: waling'oa vibao vya mbao kwenye mpini wa bastola, wakachonga vingine kwa plastiki angavu ya madirisha ya ndege zilizoanguka, na chini yake wakaweka picha ya mpenzi. Emil alirudi Nebraska na bastola ya namna hiyo. Msichana wa kwenye picha, mwenye nywele zilizosukwa, alitabasamu ndani ya droo kwa zaidi ya miaka sitini, na hakuwa bibi yake Lyle.

"Nyumba yetu iliungua," Albina aliendelea, "picha zote zikaenda nayo. Lida alikuwa amekwisha kufa kwa homa ya mapafu, Emil yuko vitani. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mpaka leo nikifumba macho nauona mkono wake, namsikia anavyoniita. Lakini uso, mwanangu, uso umenitoka. Babu yako alituandikia kwamba amemweka kwenye mpini. Ni hapo tu alipobaki."

Lyle aliweka mkono juu ya taulo. "Bastola nimeifungua, bibi. Vipande vimetawanyika. Nitakuletea kesho."

"Nimefikia kwa mpwa wangu, ile nyumba ya kijani nyuma ya kanisa." Bibi alimkabidhi sahani. "Niahidi kitu kidogo. Usimtume mtu. Uilete mwenyewe, na ukae nami nikiitazama. Sitaki kumwona nikiwa peke yangu."

"Nakuahidi."

Bibi alipoondoka, Lyle alilifunua taulo.

Tangu majira ya baridi alikuwa akiitengeneza bastola ile kwa ajili ya mashindano ya klabu. Alibadilisha springi zilizochoka, akaisugua triga mpaka ikawa laini, akafunga kilengeo kipya cha shabaha. Ukabaki mpini. Plastiki iliteleza, na viganja vya Lyle hutoka jasho; wenzake walimtania kwamba anashika bastola kama anayeshika kambare. Basi akawasha chuma cha kulehemu, kile cha mafundi redio, akaichoma ile plastiki kitone kwa kitone, mamia ya vitone, mpaka mpini ukakwaruza kama ulimi wa paka. Ulishikika vizuri ajabu. Ila joto lilipenya, likaibabua picha.

Kuitoa kwanza ile picha kulihitaji kufungua skrubu mbili tu.

"Mwambie imepotea," alisema Janelle, mkewe, wakiwa mezani, huku akichukua kolachi ya pili. "Mwizi aliingia. Babu aliiuza. Chagua."

"Nimemwahidi."

"Umeahidi kumpelekea, hukuahidi kumuua. Ana karibu miaka themanini, Lyle. Uongo mwingine ni blanketi."

"Atakayejifunika hilo blanketi ni mimi."

"Nilikwambia ununue vibao vya mpira dukani kama watu wengine. Lakini bwana fundi hashauriki."

"Nilijua ninachokifanya, Janelle."

Mkewe akaacha kutafuna.

Kesho yake Lyle alikwenda kwa miguu, kile kibao cha mpini chenye picha kimefungwa kwenye leso mfukoni. Albina alikuwa ameketi dirishani. Alikuwa amechana nywele vizuri na kupaka rangi ya midomo, kama mtu anayengoja mgeni kutoka mbali. Lyle alipoiona ile rangi nusura arudi.

"Kabla hujafungua, bibi," alisema akimpa leso. "Nimeiharibu. Si vita wala uzee. Ni mimi, mwezi wa pili, kwa chuma cha moto. Nilitaka mpini usiteleze."

"Hukuona kwamba kuna mtu?"

Angeweza kusema hakuona. "Nilimwona. Nilianzia usoni. Bibi yangu Vlasta alipika na kufua miaka hamsini katika nyumba ya babu, na kila alipotafuta mkasi kwenye droo alimkuta huyu akicheka. Nikasema moyoni, sasa basi. Dada yako hakunikosea lolote."

Albina alifungua leso. Msuko mmoja ulionekana, na kola ya gauni, na kidevu. Juu ya hapo palikuwa na vitone vya kahawia tu, kama uso wa mgonjwa wa ndui. Alipitisha kidole katikati ya vitone, polepole, kimoja hadi kingine, kana kwamba anatafuta njia. Jikoni mpwa wake alifunga bomba, nyumba ikanyamaza. Machozi yalimshuka bibi mpaka kwenye ile rangi ya midomo, naye hakuyafuta.

Lyle aliuangalia mlango. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuomba msamaha mara ya pili na kuondoka.

"Unaweza kwenda," alisema Albina bila kuinua macho.

"Bado unaitazama, bibi."

Akavuta kiti, akaketi kando yake.