Kimya cha Kisumu Ndogo

Mtoto alilia tangu alfajiri, na Hawe Kabibi hakukaa kitako. Alimtembeza kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni, akimtajia majina ya marehemu wa ukoo, kama Wagiriama wafanyavyo mtoto mchanga anapokataa kunyamaza: jina atakalolinyamazia ndilo lake. Pola. Akalia. Kadzo. Akalia zaidi.

"Hawe, jina unalijua," akasema Cynthia, mama wa mtoto. "Mwite Nyale."

"Jina la msichana aliyekufa hata hajaolewa? Nikibebeshe kitoto hiki?"

Nyale alikuwa dadake Cynthia, na Hawe ndiye bibi aliyewalea wote wawili. Nyale alikuwa mwimbaji, na pumu ilimchukua mwaka jana, nyimbo zake zikipigwa pwani yote, kutoka Takaungu mpaka Mambrui.

Hawe akamfunga mtoto kwa leso, akatoka nje, kwenye njia ya mtaa wao wa Kisumu Ndogo. Huko mbele, kwenye karai la Dena muuza viazi, Nyale alikuwa akiimba redioni. Hawe alipokaribia, sauti ikakatika.

Ilikuwa hivyo tangu mazishi. Kinyozi alizima, mama wa samaki alizima, hata vijana wa bodaboda walizima. Hakuna aliyewaagiza, walimhurumia tu. Naye, kwa kuuheshimu wema wao, hakupata kuwaambia kwamba kila alikopita, kwa kimya kile, mjukuu wake alikufa upya.

Mtoto akapiga yowe.

"Shikamoo, Hawe." Dena akamsogezea kigoda. "Huyu ana mapafu! Nimwajiri aninadie viazi."

"Marahaba. Fungulia, Dena."

"Nifungulie nini?"

"Ulichozima."

Dena akafuta unga mikononi, akafungulia. Nyale akaimba. Mama wa samaki akaitikia kwa wasiwasi, kisha kwa nguvu. Kinyozi akatoka na mkasi, akaitikia vibaya.

"Wewe nyoa!" mama wa samaki akamtupia, na watu wakacheka.

Hawe aliwatazama. Wote hawa walilibeba jina lile midomoni kila siku, na halikumdhuru hata mmoja. Akamfungua mtoto, akaweka sikio kifuani pake, kama alivyozoea kumsikiliza yule mwingine usiku wa pumu. Hakukuwa na mkoromo. Pumzi iliingia, ikatoka.

"Nyale," akamnong'oneza.

Mtoto akakwama katikati ya kilio, akamkodolea macho. Wimbo ukaisha.

"Nirudie, Hawe?" Dena akauliza.

"Rudia. Mwenye jina hajasikia vizuri."