Hita ya Baba Mkwe

Jana usiku, shuka likiwa bado halijapata joto, niliota hita yetu ya bafuni inakohoa.

Si kikohozi cha bomba. Bomba nalijua, likikohoa linatema hewa na kutu. Hiki kilikuwa kikohozi cha mtu mzima anayetaka waliomo ndani wajue kwamba yupo mlangoni. Nilikuwa nimesimama bafuni, khanga kifuani, taulo begani. Nikashtuka.

"Itikia basi," ikasema ndoo iliyokuwa sakafuni. "Umekoholewa."

Kabla sijaendelea, niseme kwanza yaliyo nje ya ndoto. Hita hiyo aliifunga baba mkwe kwa mikono yake mwenyewe, alipotujengea bafu la ndani hapa Tukuyu. Alipofariki, ikaanza kuvuja. Mume wangu Ambokile akaupaka ufa sabuni ya mche, akauzungushia mpira wa baiskeli, akatangaza kwamba imepona. Kesho yake ikadondosha. "Haivuji," akasema, "inatoka jasho tu." Hita mpya tumeshanunua. Iko sebuleni ndani ya boksi lake, na televisheni imekaa juu yake. Fundi akija kuifunga, Ambokile anampa chai, anampigisha soga, kisha anamsindikiza hadi barabarani na vifaa vyake. Hataki kuona kazi ya mwisho ya baba yake ikishushwa ukutani.

Ndiyo hali yenyewe. Sasa nirudi bafuni.

"Ndoo," ikasema hita, "mwambie mkwe wangu afunike uso."

Nikaijua sauti. Ilikuwa ya baba mkwe, ile ile ya mtu anayeongea na njiti ya meno mdomoni.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaangaliani. Zamani, ukisikia anakuja njiani unaingia migombani mpaka apite. Jina lake hulitaji. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa meza moja na kupitishiana chumvi. Lakini baba mkwe wangu alikuwa wa zamani, na mimi niliolewa na mila nzima bila punguzo. Tena yeye alipewa jina la siku, kwa hiyo wiki yangu ina siku sita na shimo moja. Sokoni ninakouza mitumba wateja wamezoea. "Mama Lugano, unafungua mzigo lini?" "Baada ya Jumatatu, kabla ya Jumatano." Hakuna anayecheka tena.

Nikasimama pale nikiunganisha mambo. Hita ni baba mkwe. Hita iko juu ya bafu. Mimi naoga chini yake.

Miaka yote hiyo.

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeshapigwa na mvua, na mgambo, na wateja wanaojaribu gauni na kuondoka nalo mwilini. Lakini hapo nilishtuka. Nikajitupia taulo usoni, khanga nikaiacha ilinde mengine.

"Ndoo," nikasema kutokea ndani ya taulo, "mwambie baba namsalimu."

"Salamu haziruhusiwi," ikasema ndoo. "Habari tu." Ilikuwa ndoo ya rangi ya nyumba iliyokwisha, lakini ilijiweka kama mshenga aliyekula kuku nyumba zote mbili. "Anasema waya wake umelika ndani. Maji yanayovuja yamefika kwenye umeme. Atakayefungua bomba asubuhi hataoga, ataogeshwa. Anasema pia umenenepa."

"Hilo la kunenepa hakulisema. Mimi nimefunikwa macho, si masikio."

"Hakulisema," ndoo ikakubali. "Aliliwaza. Mimi nakaa chini yake kila siku, yananidondokea."

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno asubuhi. Anayefungua bomba asubuhi ni Ambokile. Yuko zamu ya alfajiri kiwanda cha chai, na haendi kazini bila kuoga, hata nyumba iungue.

"Basi naizima," nikasema, nikapapasa ukuta kutafuta swichi.

Swichi ikanikwepa. Nikasogeza mkono, ikapanda ukutani kama mjusi, ikasimama juu kabisa, inahema.

"Samahani sana dada," ikasema. "Mimi ni mkono wake wa kulia. Mkwe na mkwe hawashikani mikono."

"Mume wangu atakufa!"

"Pole sana. Ungeolewa na yatima."

Nikainama kutafuta kandambili niirushie. Nilipoinuka bafu halikuwepo.

Niko migombani, nyuma ya nyumba ya ukweni, taulo nimelipandisha kwenye paji. Mvua inanyesha kutoka ardhini kwenda mawinguni, wala hakuna anayejali. Tukuyu mvua imeshajaribu njia zote. Ukoo mzima umekaa kikao. Beseni yupo. Dodoki yupo, amekonda. Mwenyekiti ni sufuria lile jeusi tulilokuwa tukichemshia maji ya kuoga kabla hita haijaja. Limekaa juu ya mafiga yake, linafuka moshi na kinyongo.

"Tulipoambiwa hita inakuja," likaanza sufuria, "tuliambiwa sisi tunakwenda kupumzika. Nimepumzika mpaka kuku ametotoa ndani yangu. Hayo tuyaache. Agenda ni moja: huyu mzee anavuja, ashushwe. Nani amshushe?"

"Mwanawe," likasema beseni.

"Mwanawe anasema ni jasho."

"Basi mkwe."

Kikao kizima kikaguna. Dodoki likazimia, likamwagiwa maji, likanywa yote, likapata nafuu.

"Mkwe hawezi hata kumtazama," likasema sufuria. "Atamkumbatiaje na kumtoa kwenye skrubu? Mkwe, wewe mwenyewe unasemaje?"

"Wazee wangu," nikasema, "mimi sina shida na mila. Nimeishika mpaka wiki yangu imepungua siku. Lakini mume wangu anakuja kuoga."

"Wapi?"

Nikanyoosha kidole, na kweli anakuja. Migomba imekwisha, sasa ni shamba la chai, kijani mpaka macho yanakoma. Katikati ya chai umesimama mlango wa bafu letu, peke yake, bila nyumba. Ambokile anauendea polepole, ndala miguuni, mswaki mdomoni, macho kayafumba kama kila alfajiri.

"Ambokile!" Napiga kelele. "Usifungue bomba!"

"Jasho tu, mama Lugano," anajibu bila kufumbua.

"Waya umelika!"

"Jasho tu."

"Shamba la chai linawaka moto!"

"Linatoka jasho."

Nakimbia, taulo mkononi, natazama chini, naona vidole vyangu na matope. Nyuma yangu sufuria linapiga kelele, "Mkwe, kanuni! Anayegusa hita asimame pakavu!"

Nikasimama. Kikao kikasimama. Tukatazamana.

"Pakavu?" likauliza beseni. "Tukuyu?"

Wakaangua kicheko. Beseni likacheka mpaka likajimwaga. Mvua yenyewe ikacheka, ikarudi chini kidogo ikiwa imejishika mbavu. Mimi sikucheka, na kwa wanaonijua hilo ni jambo kubwa. Nilitazama chini nikaona maji yamejaa kila alama ya mguu wangu.

Ndipo boksi likaja, linajikokota kati ya mistari ya chai, televisheni bado kichwani.

"Habari za wakati huu," likasema, kwa sauti ya msomaji taarifa. Lilikuwa limekaa chini ya televisheni mpaka likaokota lugha. "Hita mpya iliyonunuliwa na familia moja ya hapa imethibitisha kuwa ndiyo pakavu pekee wilayani. Tangu inunuliwe haijaguswa na tone la maji. Wananchi wanaombwa kupanda juu."

"Hutavunjika?"

"Vyanzo vya karibu na ndoo vinasema umenenepa," likasema boksi. "Hata hivyo, panda."

Nikaiweka televisheni chini ya mchai, nikapanda. Nilipopanda tu, bafu likarudi kutuzunguka, kuta nne, dari, ndoo mahali pake. Nikahisi joto shavuni. Hita ilikuwa usawa wa uso wangu. Nikajifunika tena upesi; kati yangu na baba mkwe kulikuwa na taulo tu.

"Ndoo," ikasema hita, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka, "mwambie ashuke. Atanitia aibu uzeeni."

"Anasema ushuke."

"Ndoo, muulize, anataka mwanawe afe?"

Tone. Tone.

"Hataki," ikasema ndoo taratibu, bila kuongeza kitu. "Amejaribu kujizuia asivuje tangu alipoanza. Anasema mwanawe akimfunga ule mpira wa baiskeli huwa anazungumza naye. Anamweleza habari za kiwandani. Anaogopa akishushwa, kijana atamsimulia nani."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nasikia Ambokile anaongea bafuni, nikidhani anaomba.

Mlango unalia. Ndala zinaingia. Ambokile anapita chini ya mkono wangu kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, anatundika taulo lake, ananyoosha mkono kwenye bomba. Waya ndani ya hita unaanza kuvuma kama nyuki.

"Mkwe!" likapaza sauti sufuria kutoka huko migombani. "Macho chini!"

Adabu nimefundishwa. Ila nimeshazika vya kutosha katika dunia hii, na sijawahi kuona adabu ikimfufua mtu.

Nikavua taulo usoni.

Namtazama. Kitaa chekundu cha hita kinanitazama. Nahisi kila bibi niliyewahi kuwa naye ananifinya paja. Nafungua mdomo.

"Ugonile, tata!" nikamwamkia, kama anavyoamkiwa baba yeyote. Kisha nikaona hiyo haitoshi kumzuia mtu, nikatumbukia ndani ya lile shimo la wiki yangu. "Ugonile, Jumanne!"

Mvua ikasimama hewani. Beseni likajifunika lenyewe. Ndoo ikasema kwa sauti ndogo, "Hilo mimi silifikishi."

"Limeshafika," nikasema.

Baba mkwe naye akanitazama. Kisha akazungumza nami mwenyewe, si kupitia kwa ndoo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema. "Kumbe umenenepa kweli. Nimefurahi. Nilidhani hawakulishi."

Halafu akakumbuka mimi ni nani, na yeye ni nani, na hapa ni wapi. Nikaona joto la aibu linampanda kutoka chini ya tangi hadi kwenye skrubu za juu. Hakuwa na migomba ya kuingia. Alikuwa na ukuta tu. Kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akanigeuzia mgongo.

Kitu kikalia *krak*.

Ambokile akafungua bomba, akapiga yowe.

Nikaamka, na yowe likaendelea.

Lilitoka bafuni. Kitanda upande wake kilikuwa kitupu. Nilikimbia bila ndala, nikajigonga kwenye mlango, nikausukuma kwa bega, najua kabisa nitakachokikuta sakafuni.

Nilimkuta amesimama. Sabuni nusu mwili, meno yanagongana, hai, mzima, anatukana kwa Kinyakyusa.

"Barafu! Maji ya barafu! Nani kazima hita?"

Swichi ilikuwa imewashwa. Nikainua macho, naye akainua yake.

Hita yetu, tangu siku ilipofungwa, ilikuwa inatazama mlango: kitaa chake mbele, kitufe chake chini ya kitaa. Asubuhi hii kitaa kilikuwa kinatazama ukuta. Sisi tulikuwa tunatazama mgongo wake, mgongo ambao hakuna aliyewahi kuuona, rangi yake bado mpya. Skrubu zilikuwa mahali pake, zimeganda kutu vilevile, na utando wa buibui uliokuwa kati ya skrubu na ukuta haukukatika hata uzi mmoja. Kilichokatika ni waya wa umeme. Uliokuwa ndani ulikuwa umetokeza nje, unaning'inia, ganda limelika lote, ncha nyeusi tii.

Ambokile aliutazama ule waya. Akatazama maji aliyosimama ndani yake. Alitoka bafuni taratibu kama mtu anayemkwepa nyoka, akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima, akarudi akasimama mlangoni, povu linamtiririka kifuani.

"Mpigie fundi," akasema. "Aje leo. Mimi nitaishika wakati anaifungua, isianguke." Akajipangusa uso kwa kiganja, na sikuona kama ni sabuni au ni kitu kingine.

Akaitazama tena hita, jinsi ilivyojikunyata ukutani.

"Mama Lugano," akasema, "umemfanya nini baba?"

"Nimemsalimia," nikasema.