Kamba Mpya ya Mbwa wa Mama Kileo

Niliota usiku wa jana nimekwenda dukani kuchagua kamba ya kutembezea mbwa, na kamba zikakataa kuchaguliwa mpaka zinisaili kwanza.

Lakini mnijue kabla sijafika mbali. Naitwa Mbaruku. Nina miaka hamsini na sita, wajukuu wanne, na kazi yangu ni kutembeza mbwa wa Mama Kileo hapa Raskazone, Tanga. Ndiyo, mbwa. Chekeni mmalize. Msikitini walishacheka mpaka wakachoka.

Mbwa mwenyewe alikuwa anaitwa Keki. Nasema alikuwa, kwa sababu Ijumaa iliyopita aligongwa na bodaboda akafa pale pale, akiwa mwisho wa kamba yangu ndefu, mita nane mbele yangu. Nilimwambia Mama Kileo kwamba kamba ilikatika. Uongo mtupu. Niliikata mwenyewe kwa wembe, mbwa akiwa ameshakufa.

Mama Kileo akaniamini. Akanipa pole mimi! Tukamzika Keki pamoja na kamba yake, mama wa watu analia, na mimi nimejitia hamnazo na jembe langu. Halafu jana akaniambia kesho yake anachukua mbwa mwingine, na kwa kuwa mimi ndiye mjuzi, twende wote dukani nikamchagulie kamba ya kufaa. Nikalala nikiligeuzageuza neno hilo, mjuzi.

Basi nipo dukani. Muuzaji hayupo. Kamba zimening'inia kwenye misumari, na mimi nimekaa kwenye benchi kama mtu aliyefuata barua kwa mtendaji wa mtaa.

"Unatafuta nini?" unauliza mnyororo. Una sauti ya mzee mwenye pumu, na kila ukikohoa unadondosha kutu.

"Kamba ya mbwa."

"Mbwa gani?"

"Sijamwona bado. Anakuja kesho."

"Amekuja kumchagulia kamba mbwa asiyemjua," mnyororo unawaambia wenzake. Kamba zote zinaguna.

Nasema mimi ni mzoefu, nimetembeza mbwa miaka mitatu. Mkanda wa shingoni, wa ngozi, unasema haya, tuone huo uzoefu. Kati ya mkanda na shingo ya mbwa, huwa unaacha nafasi gani?

"Vidole viwili," najibu upesi. Hilo nalijua.

"Toa."

Navua vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, navikabidhi. Haviumi. Mkanda unavipima, unasema ni vifupi, kisha unavitia mfukoni. Mkanda hauna mfuko, lakini unavitia.

"Na mbwa anayevuta, unamfunga wapi?"

"Kifuani. Ukimfunga shingoni utamkaba."

Hapo mkanda wa kifua unashuka msumarini na kunivaa mimi. Unapita kwapani, unajifunga mgongoni, unabana.

"Hapa kuna kitu," unasema. "Kama tonge lililogoma kushuka."

"Ni kikohozi."

"Si kikohozi," unasema, na kukaza tundu moja zaidi.

Nimeshakasirika. Mtu mzima nasailiwa na vitu vya dukani! Nasema nimeamua, nachukua ile fupi ya mita moja na nusu, niende zangu. Kamba fupi inacheka, mwili wote unatikisika ukutani.

"Mimi? Unanijua mimi? Mimi nikishikwa, mdomo wa mbwa uko hapo pajani pako."

"Si kitu."

"Hata Ijumaa, na kanzu?"

Natazama mlango.

"Aitwe shahidi," unasema mnyororo.

Shahidi ni kamba ya Keki. Inaingia vipande viwili, kimoja mbele kingine nyuma, kama mume na mke waliotoka kugombana. Kipande cha mbele kinaanza kusema, cha nyuma kinamalizia.

"Wallahi sisi,"

"hatukukatika."

"Tulikatwa,"

"kwa wembe."

Hakuna anayeshangaa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata kamba za duka la watu zilikuwa zinajua. Nainuka nitoke, lakini nje ya mlango hakuna tena uchochoro niliojia. Kuna barabara ile ile ya Ijumaa, na nyasi zake pembeni, na mimi nimevaa kanzu nyeupe, nimeshatawadha, na adhana imeshatolewa. Mkononi nimeshika kitanzi cha mwisho wa kamba. Kamba imekuwa nzima tena, imelala majanini, na mita chache mbele yangu amekaa Keki. Amevaa miwani.

"Shikamoo babu," anasema.

Mkwe wangu haniamkii, mbwa ananiamkia. "Marahaba," naitikia. Adabu ni adabu.

"Babu, siku ile bodaboda uliiona?"

"Niliiona."

"Na kamba ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa, mguuni pangu, imelegea. Ningeinama ningeikamata, ningekuvuta."

"Hukuinama."

"Ulikuwa umeitafuna, Keki. Imelowa mate yako yote. Mate ya mbwa ni najisi, nawe unajua. Ningeishika, ningerudi nyumbani kunawa mara saba, mara moja kwa udongo, na kanzu nibadili. Hutuba ingenipita."

Keki anafikiri. Anavua miwani, anaifuta kwa sikio, anaivaa.

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Udongo?"

"Tanga nzima hii, udongo ukosekane?"

"Basi dini ilikwambia unawe, babu. Haikukwambia uniache."

Yarabi. Miaka saba nimesoma madrasa, nimekuja kufundishwa na mbwa. Nakasirika, na hasira yenyewe sina wa kumtupia. Namwambia ukweli, maana wa kumficha ni nani tena? Namwambia haikuwa hutuba. Hutuba zimenipita nyingi tu, na roho haikuniuma. Ni wale watu wa safu ya nyuma, wanaosogea kando nikikaa, wanaoniuliza, "Mbaruku, leo umekuja peke yako au na mwenzio?" Ijumaa ile nilitaka niingie msafi, nikae, asisogee mtu. Hiyo tu. Ndiyo maana hata kamba nilichagua ile ndefu. Nilimwambia Mama Kileo ni nzuri, mbwa anapata uhuru. Uhuru gani? Nilitaka akae mbali nami.

"Nilidhani ni uhuru," anasema Keki. "Nilikuwa naipenda ile kamba."

Naumia.

Bodaboda inakuja. Haiji mbio kama siku ile. Inakuja taratibu, inasimama katikati ya barabara, dereva anainua kofia ngumu.

"Mzee, unashika au hushiki? Nina abiria."

Abiria ni mama mmoja amepakata kuku. Ananitazama kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe.

"Nipe dakika moja."

"Siku ile ulikuwa na sekunde mbili," anasema dereva. "Zilitosha kabisa."

Anawasha pikipiki. Keki anaruka kuelekea barabarani, kamba inakunjuka majanini, inakimbia. Nainama. Naikamata. Imelowa, inateleza, inanipita kiganjani na kuniunguza mpaka nasikia harufu ya ngozi yangu. Siachii. Wallahi siachii! Kanzu inaburuzika kwenye nyasi na mate, na mimi nimepiga magoti, nimeng'ang'ania. Keki anasimama ukingoni. Bodaboda inapita. Kuku ananipungia.

"Umeona?" napiga kelele. Nacheka, machozi yananitoka. "Umeona nilivyoshika?"

"Nimeona, babu. Lakini hii ni ndoto."

"Najua."

"Ijumaa haikuwa ndoto."

"Najua, Keki. Jamani, najua!"

Nikaamka. Kumeshakucha, jogoo wa jirani ameshachoka kuwika. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kinawaka. Nilikifungua nikaona mstari mwekundu, mwembamba, umekatiza kutoka kwenye kidole gumba mpaka upande wa pili. Ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, yenye majimaji. Chumbani kwangu hakuna kamba, na ile tuliyoizika iko chini ya ardhi siku ya sita.

Nje Mama Kileo alikuwa anapiga honi. Nilivaa shati, nikatia mfukoni ufunguo wa geti lake, nikatoka. Kwenye kiti cha nyuma alilala mbwa mdogo wa kahawia.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba, mama. Salama."

"Ingia basi twende. Umeshaamua tununue kamba gani?"

"Fupi."

"Fupi? Si wewe uliyeniambia ndefu ndiyo nzuri, mbwa apate uhuru?"

Ningeweza kusema nimebadili mawazo. Angeniamini, mama yule anaamini kila kitu. Nilishika mlango wa gari kwa mkono unaouma, na maneno yakatoka yenyewe.

"Niliisema ili asinisogelee. Na kamba ya Keki haikukatika, mama. Niliikata baadaye. Ningeweza kumkamata, kamba ilikuwa mguuni pangu. Sikutaka kuchafua mkono."

Alizima gari. Alinitazama, kisha akamtazama mbwa wa kiti cha nyuma, aliyekuwa bado amelala. Halafu akanyoosha mkono dirishani. Nikadhani ananipa mkono, nikamnyooshea wangu.

Alikuwa anataka ufunguo wa geti.