Madoa ya Mshtarii

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasipoti, ingawa hakuzaa mtoto wa jina hilo wala wa jina jingine lolote. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka, na kioo kilichofungiwa kitana kwa kamba, maana vitana vina tabia ya kuondoka na wateja. Kazi yake ilikuwa sura za watu, na kwa sura hakuwa na mpinzani. Uingie na chunusi, utoke huna. Uingie na jicho jekundu na uchovu wa wiki nzima, utoke umekuwa mtu wa kuajiriwa. "Mimi sidanganyi," alikuwa akisema huku brashi ya kompyuta ikipita kwenye paji la uso wa mtu. "Nafagia tu."

Sasa mtu kama huyo akijitia kupiga picha sayari, unategemea nini?

Sababu ilikuwa baba yake. Mzee alikuwa fundi cherehani aliyestaafishwa na macho kabla ya umri: kwanza tundu la sindano lilimkimbia, kisha uzi, kisha sura za watu. Kilichobaki kizima ni mdomo. Kila jioni alikaa kwa kinyozi, jirani na studio, akihadithia. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ujana wake, pale mpima ardhi mmoja aliyekuja kushonesha suruali alipomwazima darubini. Aliielekeza kwenye nyota kubwa ya jioni, Mshtarii, akaona ina watoto wanne wamejipanga ubavuni mwake kwa mstari mmoja.

"Wanne?" kinyozi aliuliza siku moja, mashine ikiunguruma mkononi. "Nyota imezaa, mzee? Na maziwa inatoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko mpaka aliyekuwa akinyolewa nusura akatwe sikio. Tangu siku hiyo jina likawa Mzee Chumvi. Mzee alicheka nao mwanzoni. Baadaye akaacha kwenda. Akawa anashinda chumbani, redio imezimwa, na akiulizwa anasema magoti. Magoti wapi! Binti yake aliujua ugonjwa wenyewe. Mtu amesema kweli, ameitwa mwongo, na macho ya kuwaonyesha hana tena. Jambo hilo lilimchoma binti hadi chakula kikamshinda.

"Baba, nitakupigia picha yao," alisema. "Watoto wote na mama yao. Tutaibandika ukutani kwa kinyozi."

"Wewe umewahi kupiga picha nyota?"

"Nimepiga picha vichanga vya pasipoti, baba. Nyota angalau haijikojolei."

Akanunua darubini iliyotumika, akaifunga kamera ya studio nyuma yake kwa kipete cha kuunganishia, akawa anapanda juu ya paa jua likishazama tu. Kuipata Mshtarii hakukuwa kazi, maana upande ule hakuna kilichong'aa kuishinda. Kazi ilikuwa kuituliza. Akiikuza, inatetemeka kama maji ya chai yanayokaribia kuchemka. Akigusa darubini, kila kitu kinaruka. Akiacha kugusa, sayari inateleza taratibu na kutoka kwenye kioo, kwa kuwa dunia inazunguka na haimsubiri mpiga picha. "Tulia mama, tazama kamera," alijikuta akiiambia, kama anavyowaambia wateja.

Lakini huyu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alijifunza kupiga kwa kitufe cha mbali asiguse kitu. Alijifunza kuchukua video badala ya picha moja, kisha kuiachia kompyuta ichague vipande vilivyotulia na kuvilaza kimoja juu ya kingine mpaka sura ikaze. Na jioni moja sura ikakaza kweli. Duara safi, limebonyea kidogo juu na chini, lina mikanda miwili ya kahawia katikati. Mama Pasipoti alipiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna mwizi.

Akashuka studio kuisafisha, kama desturi. Pembeni mwa duara kulikuwa na vidoa hafifu vya vumbi. Akavifagia. Kisha akafuta video na picha ya awali, maana sheria yake haikuwa na mjadala: sura ya mteja isiyosafishwa ni siri yake, haikai kwenye mashine. Akachapisha picha kubwa, akaitia fremu, akamshika baba yake mkono hadi kwa kinyozi.

"Haya," alisema, akaiinua juu. "Mshtarii huyo."

Watu walisogea. Walivutiwa, usicheze. Mzee akasimama wima mlangoni, kifua mbele, akisubiri. Kinyozi akaisogelea picha, akaitazama juu, chini, kulia, kushoto.

"Dada, picha nzuri, hongera. Lakini watoto wako wapi? Au wamekwenda shule?"

Kicheko kikalipuka. Mama Pasipoti akaitazama picha yake, na kweli, mlikuwa na duara tu na weusi mtupu. Akageuka kumtazama baba yake. Mzee alipapasa ukuta, akapata njia, akaanza kurudi nyumbani peke yake.

Binti alirudi studio amevimba kwa hasira, hasira ya kujikasirikia. Kwenye kamera kulikuwa bado na video ya jioni iliyotangulia, ambayo aliiona mbaya akaiacha. Akaifungulia ili angalau afanye kitu. Sura ikatoka, na pembeni vumbi lile lile. Mkono, kwa mazoea, ukashika brashi. Mkono ukasimama.

Vumbi la kamera yake alilijua. Lina mahali pake na halihami. Hili lilikuwa limehama, halikuwa pale alipolifagia. Na vumbi gani hujipanga mstari mmoja, kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya ukoo?

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Nimefagia watoto wa watu!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko. Halafu akafunga studio, akaenda kugonga kwa baba yake.

"Baba, wapo. Niliwafuta mimi nikidhani ni uchafu. Kesho unakuja na mimi kwa kinyozi."

"Siendi kuchekwa mara ya pili, mama."

"Wakikucheka wewe, wamenicheka mimi. Na mimi nimechoka kuchekwa. Utakuja."

Kesho yake, mwanga wa jioni ulipokwisha, darubini ilikuwa imesimama nje mbele ya kibanda cha kinyozi, na kompyuta juu ya stuli ikionyesha kinachoonekana moja kwa moja. Hakuna kusafisha, hakuna kuchapisha. Kinyozi mwenyewe alizima taa ya mlangoni, akacheka, akakunja mikono. Mteja mmoja alitoka na shuka shingoni, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado.

Mama Pasipoti alivunja sheria zote za studio. Aliongeza mwanga, akaongeza tena, mpaka sura nzuri ya Mshtarii ikaungua, ikawa doa jeupe lisilo na mkanda wala umbo. Roho ilimuuma, lakini ndivyo ilivyo: ukimpamba mama, watoto hawaonekani. Na pale gizani vikachomoza vidoa. Kimoja, cha pili, cha tatu.

"Eeh!" mwenye shuka akapiga kelele. "Hivyo vinini?"

"Miezi yake," alisema binti.

Kinyozi alikunjua mikono. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. "Watatu," alisema. "Mzee, ulisema wanne."

Mzee alisimama nyuma ya watu, kofia mkononi. "Nilisema wanne kwa sababu walikuwa wanne," alijibu, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Si umwongeze mmoja kwa hiyo kompyuta, dada," alisema mwenye shuka kwa huruma. "Kidoa tu, nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu. "Kufuta nilifuta kwa kutojua. Kuongeza nitakuwa naongeza kwa kujua." Akatoa simu, akatazama ratiba ya miezi ile, akairudisha mfukoni. Alipoongea hakuharakisha. "Wa nne amezama kwenye kivuli cha mama yake. Anatoka sasa hivi. Mwenye kuondoka aondoke, mimi sibembelezi mtu."

Hakuna aliyeondoka. Pikipiki zilipita, mbwa alibweka, yeye akawa anairudisha sayari katikati kila ilipoteleza. Watu waliinamia kioo cha kompyuta. Mzee alibaki wima palepale, uso umeelekea sauti za wenzake, maana kioo kwake kilikuwa ukungu tu.

Ikapita dakika, na nyingine. Halafu kinyozi akavuta pumzi.

"Hapo," alisema. "Hapo, hapo! Palikuwa na giza!"

Upande mmoja wa ile nuru, mahali palipokuwa peusi tii, kulikuwa na nukta ndogo kama ncha ya sindano. Ikaongezeka. Watu walianza kusukumana na kupiga kelele, mwenye shuka akiapa kwa mama yake mzazi. Binti hakuthubutu kuondoka kwenye darubini. Alitaka kumkimbilia baba yake, lakini angeiachia, sayari ingetoka kwenye kioo.

Kinyozi ndiye aliyegeuka. Aliwapangua watu, akaenda nyuma, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamleta mpaka kwenye stuli.

"Mzee, nimekukosea," alisema. "Lete kidole." Akakishika kile kidole kilichojaa makovu ya sindano, akakiweka kwenye kioo. "Huyu wa kwanza. Huyu wa pili. Wa tatu huyu. Na huyu hapa ndiye anayetoka."

Mzee alikiacha kidole pale.

"Anang'aa?" aliuliza.

"Anang'aa, mzee," alisema kinyozi. "Anazidi."