Bibi Deki na Mikono ya Daktari Mkubwa

Wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, ilikuwa na vitanda sita na bomba lililosahau maji tangu mwaka juzi. Ndiyo maana mlangoni palikaa ndoo yenye koki, na sabuni iliyofungwa kamba, kwa kuwa sabuni za hospitali ile zilikuwa zikiota miguu. Aliyeijaza ndoo kila asubuhi ni mfanyausafi, mama wa maneno mengi, hospitali nzima ikimwita Bibi Deki.

Siku hiyo hakuwa na raha. Kwenye kitanda cha tatu alilala mjukuu wake wa kwanza, siku nne duniani, kilo moja na nusu kwa kuibembeleza mizani. Wiki iliyopita watoto wawili walishikwa na homa humo humo wodini, na muuguzi alisema wazi kwamba homa ile ililetwa na mikono.

Mara huyo, Daktari Mkubwa, katoka wodi ya vidonda mbiombio, koti linapepea. Akaipita ndoo kana kwamba haipo. Bibi Deki akamwona. Ajira yake ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, na saini ya mzee huyu ingetosha kibarua kuota nyasi. Lakini mjukuu ni mjukuu. Akauweka mpini wa deki kukingama mlangoni.

"Mama, unanijua mimi?"

"Nakujua sana, baba. Mikono yako ndiyo siijui."

Wauguzi wakajifanya wanasoma mafaili. Daktari akatazama huku na huku, akanawa, tena vizuri, kisha akaifuta mikono kwenye koti lake, kama alivyozoea miaka nenda miaka rudi.

"Ah, baba, umeharibu. Koti hilo limetoka kwenye vidonda. Livue, unawe upya, mikono ikauke kwa hewa."

Basi mtu mzima na elimu yake akasimama na shati tu, anapunga mikono kama anayeaga wasafiri. Muuguzi mmoja kicheko kikamponyoka. Hata daktari mwenyewe akacheka.

Alipofika kitanda cha tatu akauliza, "Na huyu mdogo ni wa nani?"

"Mjukuu wangu," akasema Bibi Deki.

Daktari alikuwa ameshaigusa miwani yake kuiweka sawa. Akaitazama mikono yake, akageuka, akarudi mlangoni bila kuambiwa na mtu, akanawa kwa mara ya tatu. Bibi Deki akamfungulia koki, machozi yanamtoka, wala hakuyaficha.