Mlango wa Maji Uliohamishwa

Jumamosi hiyo Leokadia Mbunda alirudi nyumbani saa nane mchana, akajitupa kwenye kochi na viatu miguuni, akajifunika khanga usoni. Alikuwa ametoka kwenye kikao kilichomfukuza kazi Mzee Haule, na yeye Leokadia, aliyekuwa bosi wa Haule, hakufungua kinywa. Kampuni yao ilipeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa majumbani, na mwaka huo walikuwa wameuvunja mfumo wao mmoja mkubwa wa kompyuta kuwa huduma ndogondogo: hii inatunza anuani, ile inapanga magari, nyingine inapiga simu, na zote zinategemeana. Haule ndiye aliyesimamia utaratibu. Alikuwa na daftari na sheria moja aliyowachosha nayo watu: hakuna kugusa huduma mpaka kila anayeitumia ameambiwa na ametia saini. Leokadia aliiona saini hiyo ni usumbufu wa kizee, akaifuta kwa barua pepe ya mistari miwili, akapigiwa makofi. Wiki tatu baadaye watu wa anuani walibadili namna ya kuandika namba za nyumba, watu wa magari hawakuambiwa, na mtungi wa Bi. Skolastika Kihwele ukapelekwa kwingine. Mama wa watu akafa. Kikaoni wakauliza daftari lilikuwa la nani; likawa la Haule, basi. Leokadia alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko katika mji ambao kila nyumba ilikuwa na kitu kimoja tu. Nyumba moja ilikuwa na moto na haikuwa na chumvi, nyingine ilikuwa na chumvi na haikuwa na maji, na hakuna aliyekula chakula cha jioni bila kupokea kwa jirani. Kutoka mlango hadi mlango zilivutwa kamba, na katika kila kamba kilining'inia kibao chenye majina mawili, la anayetoa na la anayepokea. Mama mmoja mrefu, aliyejitambulisha kuwa ni Bi. Amana, alimshika mkono akawa anatembea naye polepole. "Mwanangu, usishangae kamba," alisema. "Hapa mtu haringi kwamba ana maji. Anaulizwa nani anayanywa, na kama hamjui, hatuwezi kumwachia kisima." Mbele yao bibi kizee aitwaye Uangalizi alikuwa anapita akikaza mafundo, anasoma kibao, anabisha hodi, anauliza, "Bado mnapokea hapa?" na asipojibiwa anabisha tena. Watu walimkimbia kwa kuchoshwa naye, na Leokadia, hata ndotoni, alimwona kero.

Hapo akatokea Haraka, mwanamume mtanashati wa viatu vyeupe, mwenye maneno matamu kuliko muuza viwanja. "Dada, mji mzuri huu, ila kamba hizi zinatukwaza," alisema, akamtilia kisu mkononi. "Mwenye nyumba ya maji anataka mlango wake uangalie barabara kubwa. Tukianza kuwauliza wote hawa tutazeeka." Bi. Amana alisema kwa upole, "Mlango utahamishwa, hakuna anayekataza. Waambie kwanza." Lakini Leokadia alikuwa ameshakata, na kamba ziliporomoka bila kishindo, na mlango mpya ulipendeza kweli, hata wapita njia wakasimama kuusifu.

Bi. Amana hakumgombeza. Alimzungusha nyuma ya nyumba ile, na huko, mbele ya ukuta mtupu pale mlango wa zamani ulipokuwa, watu walikuwa wamepanga foleni na vikombe mikononi, kwa adabu, kwa sababu kila siku maji yalitoka hapo na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke aliyekaa chini, midomo imepauka, kikombe ameshakiweka ubavuni. Leokadia alipaza sauti kwamba mlango uko upande wa pili, lakini mwanamke yule hakuwa tena mtu wa kusikia.

Watu walipojua, walikimbia wakamkamata Uangalizi, maana vibao vyote vilikuwa na mwandiko wake. Leokadia alitaka kusema, ila mama mnene aliyejipamba, jina lake Ukimya, alimvuta barazani kwake penye mito laini. "Kaa, mpenzi wangu, hujaulizwa," alinong'ona. Na kweli hakuulizwa. Bibi kizee alipopitishwa mbele ya baraza ile alimtazama Leokadia usoni, akatazama na kisu. "Hatanitaja?" Leokadia aliuliza. "Hatakutaja," alisema Bi. Amana. "Anasubiri ujitaje."

Alizinduka jua bado linawaka dirishani. Aliketi, akaelewa kwamba ile foleni haikuwa ya ndotoni. Akamwandikia mkurugenzi: aliyefuta saini ni mimi, Haule alinipinga mara mbili kwa maandishi, kama kuna wa kuondoka ni mimi. Akanyanyuka, akaenda msibani kwa akina Kihwele.

Mzee Kihwele, mume wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Leokadia alipiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana."

"Marahaba, mama. Tumeshapoa. Wewe ni wa wapi?"

"Natoka kampuni ya mitungi." Akamweleza yote, bila kumtaja mwingine. Alingoja afukuzwe.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo siku ile gari lilikuja?"

"Lilikuja, baba. Lilisimama mtaa wa pili. Dereva alibisha hodi nyumba ya watu dakika ishirini."

Mzee alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Alikuwa ananiuliza kila mara, wanakuja? Mimi namjibu, wanakuja, mke wangu, vumilia. Tangu tumzike silali, nasema nilimdanganya mpaka akakata roho." Machozi yalimshuka. "Kumbe mlikuwa mnakuja."